Dawa za kupunguza mwili, mimba na uzazi wa mpango: maswali tunayoulizwa sana Kigoma

Maswali haya yameletwa na wanawake wa Mwanga, Gungu, Ujiji, Kasulu na vijiji vya mwambao wa ziwa, na wanaume wachache pia. Nayajibu kama muuguzi wa chumba cha uzazi wa mpango. Ombi langu ni moja: kabla hujajichoma sindano ya kwanza ya kupunguza mwili, amua kuhusu mimba. Unaitaka hivi karibuni, au huitaki? Dawa hizi zinauliza swali hilo hata kama wewe hukuliuliza, na wengi tunaowapokea walifikiria kilo peke yake.

Sista, dawa za kupunguza mwili mnazozisema ni zipi?

Zinazovuma sasa ni sindano za mara moja kwa wiki. Ya kwanza ni semaglutaidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy. Ya pili ni tirzepataidi, yaani Mounjaro au Zepbound. Ipo pia liraglutaidi (Saxenda, Victoza), ambayo huchomwa kila siku. Ozempic na Mounjaro zilianza kama dawa za kisukari, ndipo watu wakaona zinavyopunguza uzito. Zinaiga homoni za utumbo: unashiba mapema, na chakula kinakaa tumboni muda mrefu zaidi kabla ya kushuka. Hilo la chakula kukawia tumboni likumbuke, tutalirudia kwenye vidonge.

Kuna vidonge vya orlistati (Xenical) vinavyozuia mafuta yasifyonzwe. Kuna metformini, dawa ya kisukari ambayo wengine hupewa ili kurekebisha hedhi. Halafu kuna kapu kubwa la chai, poda na vidonge visivyo na jina la kueleweka, vinavyouzwa kwenye simu. Hivyo navijibu peke yake chini.

Zinaharibu kizazi? Mawifi wananiambia sitazaa tena.

Hapana. Kwa wanawake wengi wenye uzito mkubwa kinachotokea ni kinyume chake: uwezo wa kushika mimba unaongezeka.

Uzito unapozidi, insulini hupanda mwilini, na insulini nyingi huifanya ovari itengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Yai halipevuki, hedhi inapotea miezi miwili, mitatu, au inakuja ovyo. Hali hii ni kali zaidi kwa wenye ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari, ule madaktari wanaouita PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 6 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanao, na wengi wao hawajawahi kuambiwa.

Kinachowashangaza watu ni jinsi mabadiliko madogo yanavyotosha. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kurudisha upevukaji wa yai. Mwenye kilo 95 anazungumzia kilo 5 hadi 9 hivi. Bado nguo hazijaanza kumpwaya, majirani hawajaona kitu, na ovari imeshaamka.

Mimi siku zangu sizioni tangu mwaka jana. Nikitumia sindano hizi bado nahitaji njia ya uzazi wa mpango?

Ndiyo, tena wewe kuliko wengine. Naomba jibu hili lisomwe polepole.

Yai hutoka kwanza, hedhi hufuata wiki mbili hivi baadaye. Kwa hiyo mwanamke ambaye hajaona damu kwa mwaka mzima anaweza kushika mimba kwa yai la kwanza kabisa lililopevuka, bila hedhi kurudi hata mara moja. Hakuna dalili ya kumtahadharisha. Anakaa akijua mwili wake "umefunga", na kichefuchefu kinapoanza anasema ni sindano, maana sindano hizi kweli zinaleta kichefuchefu. Uchovu, sindano. Kukataa chakula, sindano. Anakuja kliniki mimba imeshapita miezi mitatu.

Ukiwa kwenye dawa hizi na hedhi haieleweki, pima mimba kabla ya kuanza, na upime tena kila unapopata shaka. Kipimo cha mkojo kinapatikana hata kwenye maduka ya dawa muhimu na bei yake ni ndogo.

Nameza vidonge vya majira. Sindano inavizuia visifanye kazi?

Inategemea ni sindano ipi, na hapa ndipo watu wengi wanapopotoshwa, wengine wakitiwa hofu ya bure na wengine wakiachwa bila onyo.

Kwa tirzepataidi (Mounjaro, Zepbound) jibu ni ndiyo, inaweza kuvidhoofisha. Kwa kuwa tumbo linakawia kushusha kilichomo, kidonge cha majira kinachelewa kufyonzwa na kinafyonzwa pungufu. Katika kipimo kilichofanywa na watengenezaji wenyewe, dozi moja ya miligramu 5 ilishusha kilele cha homoni za kidonge kwenye damu kwa zaidi ya nusu, na jumla ya homoni iliyoingia mwilini ikapungua kwa takriban moja ya tano. Ndiyo maana maelezo ya dawa hiyo yanamtaka anayetumia vidonge ahamie njia isiyopita tumboni, au aongeze kondomu kwa wiki 4 baada ya kuanza na wiki 4 kila anapopandishiwa dozi.

Sasa piga hesabu. Dozi huanza miligramu 2.5 na hupanda kwa 2.5 hadi 15 kwa anayefika juu kabisa. Hizo ni ngazi sita. Anayepanda kila baada ya wiki 4 atahitaji kondomu kwa wiki 24 mfululizo, karibu miezi sita bila kukosa hata usiku mmoja. Kwa ninavyoyajua maisha ya ndoa, hilo ni la kuandikwa kwenye karatasi kuliko kutendwa. Bora kubadili njia.

Kwa semaglutaidi na liraglutaidi, vipimo havikuonyesha kwamba zinapunguza nguvu ya kidonge kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Lakini zote zinaweza kukutapisha na kukuharisha, hasa wiki za mwanzo. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza kidonge, meza kingine. Ukitapika au kuharisha sana kwa siku mbili au zaidi, endelea na vidonge lakini hesabu kama uliviruka: tumia kondomu mpaka hali itulie na umeze vidonge siku 7 mfululizo.

Vile vidonge vya homoni moja wanavyopewa wanaonyonyesha navyo hupita tumboni. Usidhani vimesamehewa.

Nina kijiti mkononi. Na mwenzangu ana kitanzi. Je, vinaathirika?

Haviathiriki. Homoni ya kijiti inaingia kwenye damu moja kwa moja kutoka chini ya ngozi, na kitanzi cha shaba hakitumii homoni kabisa. Sindano ya miezi mitatu vilevile. Tumbo halihusiki.

Basi kati ya hizo nichague ipi?

Uamuzi ni wako, mimi nakupa ninachokiona. Anayepanga kupunguza mwili mwaka huu halafu atafute mtoto, kijiti au kitanzi kinamfaa, kwa sababu kikitolewa uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Kitanzi cha shaba kinaweza kukaa hadi miaka 12, lakini hakuna anayekulazimisha ukimalize. Unaweza kukitoa baada ya miezi minane ukitaka.

Sindano ya miezi mitatu inazuia mimba vizuri sana, ila ukiiacha yai huchelewa kurudi, mara nyingi miezi kadhaa zaidi ya njia nyingine. Kwa mwanamke wa miaka 36 anayepunguza uzito ili apate mtoto, miezi hiyo ni mali. Kwa aliyemaliza kuzaa haina shida.

Kwa wanaotoka Kagunga au Mwamgongo, ambako kuja mjini ni kupanda boti na kungoja hali ya ziwa, njia ya muda mrefu inapunguza safari na wasiwasi wa vidonge kuisha katikati ya mwezi. Huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya serikali hutolewa bure. Pesa unayoitenga kwa sindano ya kupunguza mwili isikufanye udhani na hii nayo utaigharamia.

Sindano ya miezi mitatu ndiyo iliyoninenepesha. Kwa nini niendelee nayo huku nanunua dawa ya kupungua?

Swali zuri, na hukosei. Kati ya njia zetu, hiyo ndiyo ambayo kuongezeka uzito kumeonekana wazi kwa baadhi ya wanawake, hasa waliokuwa wazito tangu mwanzo. Kama uliongezeka sana miezi ya kwanza baada ya kuchomwa, njoo tubadili njia kwanza. Ila usiache tarehe yako ya kurudi ipite kimyakimya ukidhani utafikiria baadaye. Badili siku ileile.

Vipi kuhusu P2?

P2, yaani vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, inapungua nguvu kadiri uzito unavyopanda; wasiwasi huo huanzia kwenye kilo 70 hivi. Wataalamu wa Uingereza huwashauri wanawake wenye zaidi ya kilo 70 watumie dozi mara mbili. Ongeza juu yake tirzepataidi inayochelewesha tumbo, na kutapika, na utaona kwa nini siipi nafasi ya kwanza. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 ndicho kizuizi cha dharura chenye nguvu kuliko vyote, uzito wowote ule, na kinabaki kukulinda. Kama huwezi kukifikia, meza P2 mapema uwezavyo ndani ya saa 72 na umweleze mtoa huduma uzito wako bila kuona haya. Ukitapika ndani ya saa 3, irudiwe.

Mimi sitaki sindano za wazungu. Natumia chai ya kupunguza tumbo, ni majani tu.

Chai nyingi za aina hiyo zina sanamaki (senna) au majani mengine ya kuharisha. Kilo zinazopungua ni maji na choo, na kidonge chako cha majira kinaweza kwenda nazo. Hilo ni la kwanza.

La pili linaniumiza zaidi. Bidhaa za "asilia" za kupunguza uzito zimekutwa mara nyingi, katika nchi mbalimbali, na sibutramini iliyofichwa ndani bila kuandikwa. Sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwanamke anakunywa akijua ni majani, presha inapanda, na pengine ni mjamzito. Kama kifurushi hakina jina la dawa, mtengenezaji, namba ya toleo na usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), siwezi kukuambia kitamfanya nini mtoto, maana hata aliyekuuzia hajui.

Sindano nazo zina feki. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama zimeingia huko, anayekuuzia kwa picha ya WhatsApp hana ulinzi wowote.

Natumia Xenical. Kuna shida?

Yenyewe haigusi homoni za kidonge. Shida ni kuharisha mafuta: orlistati inazuia karibu asilimia 30 ya mafuta ya chakula, na mafuta hayo lazima yatoke. Ukila maharage yaliyoungwa kwa mawese yakaelea, au migebuka ya kukaanga, utayaona chooni. Kuharisha kukiwa kukali, ongeza kondomu. Anayejiandaa kushika mimba ajue pia kwamba dawa hii inapunguza ufyonzaji wa vitamini A, D, E na K. Daktari huandika vidonge vya vitamini vya kumezwa saa 2 au zaidi mbali na dawa, mara nyingi usiku. Ukishashika mimba, Xenical iachwe.

Nina dawa ya kifafa iitwayo topirameti, nimesikia nayo inapunguza mwili.

Usiichezee. Topirameti inaweza kumsababishia mtoto mdomo sungura na kaakaa kupasuka, na kwa dozi kubwa inapunguza nguvu ya vidonge vya majira na ya kijiti. Marekani imechanganywa na fentamini kuwa dawa ya kupunguza uzito, Qsymia. Kama unaimeza kwa ajili ya kifafa au kipandauso, usiikatize mwenyewe. Zungumza na daktari wako, na kitanzi au sindano ya miezi mitatu vifikiriwe.

Nataka mtoto. Niache sindano lini?

Semaglutaidi: angalau miezi 2 kabla ya kuanza kutafuta mimba, kwa sababu inatoka mwilini taratibu, nusu yake kila wiki. Tirzepataidi: mwezi 1. Katika muda huo endelea na njia ya uzazi wa mpango. Watu huacha vyote siku moja, na hapo muda wa kusubiri unakuwa hauna maana.

Sababu ya kuacha ni kwamba kwa wanyama wa maabara dawa hizi zimewahi kuonyesha watoto kutokua vizuri na kuwa na kasoro, na kwa binadamu taarifa bado ni chache mno kuruhusu. Mjamzito pia hatakiwi kupunguza uzito kwa makusudi.

Mwenye kisukari asikie hili kwa sauti: usiache tu. Sukari ikipanda wiki za mwanzo za mimba, yenyewe inaweza kumlemaza mtoto au kuitoa mimba. Daktari akuhamishie kwenye insulini au metformini kwanza, sukari itulie, ndipo utoe kijiti. Anza pia kumeza foliki asidi kabla ya mimba, na uulize kipimo chako, maana mwenye kisukari au uzito mkubwa anaweza kuhitaji kingi kuliko kilicho kwenye FEFO za kliniki, vile vidonge vya madini chuma na foliki asidi.

Jiandae uzito kurudi kiasi. Katika ufuatiliaji wa watu walioacha semaglutaidi, baada ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya walichopunguza. Kwa hiyo usiache leo halafu ukakaa miaka miwili ukingoja "wakati mzuri".

Nimeshika mimba nikiwa bado nachoma. Nifanye nini? Naogopa hata kumwambia mume wangu.

Acha sindano leo na uje kliniki wiki hii. Usitoe mimba kwa hofu ya dawa, na usinywe kitu cha "kusafisha".

Tuliyonayo yanatia moyo. Utafiti uliochapishwa Desemba 2023, uliounganisha kumbukumbu za nchi za Nordiki (kaskazini mwa Ulaya), Marekani na Israeli, uliangalia zaidi ya mimba 900 za wanawake wenye kisukari waliotumia dawa za kundi la semaglutaidi karibu na mwanzo wa mimba. Watoto wao hawakuwa na kasoro kubwa kuliko watoto wa mama waliotumia insulini. Hilo halifanyi dawa iwe ruksa, lakini linatosha ulale usiku. Tutapima sukari na presha, tutakuanzishia FEFO, tutakuandikia picha ya ultrasaundi.

Kuhusu mume, kama unataka aje mkae wote wawili tumweleze, aje. Tumewahi kuwapokea wanandoa waliokuwa wameambiwa tasa kwa miaka, na mimba hiyo ya "bahati mbaya" ndiyo waliyokuwa wakiililia.

Nanyonyesha mtoto wa miezi mitano. Nianze?

Subiri. Ushauri wa sasa ni kutozitumia wakati wa kunyonyesha, na mama anayekula kidogo kupita kiasi maziwa nayo yanaweza kupungua.

Mume wangu ndiye anayechoma. Mbegu zake zitaathirika?

Hakuna agizo la mwanaume kuziacha kabla ya kutafuta mtoto. Uzito mkubwa wenyewe hushusha testosteroni na ubora wa mbegu, hivyo kupungua kunaweza kumsaidia. Ninachowaonya wanaume ni sindano za testosteroni za kujaza misuli: hizo huzima utengenezaji wa mbegu.

Nimepungua kilo 14, hedhi inakuja kila mwezi, mwaka unaisha na sijashika mimba.

Basi tatizo liko pengine, na tusiendelee kulaumu mwili wako. Mirija iliyoziba kutokana na maambukizi ya zamani haifunguki kwa kupungua uzito. Mbegu za mume haziongezeki kwa wewe kufunga kula. Njooni wote wawili mpimwe, yeye aanze na kipimo cha mbegu, maana ni rahisi na hakiumi. Ukiwa na miaka 35 au zaidi, usingoje mwaka. Miezi sita inatosha kuja.

Na kama hedhi ilikuwepo kisha ikakatika baada ya kupungua haraka, angalia unachokula. Mwili unaonyimwa chakula mno huzima yai. Ugali wa muhogo kidogo, dagaa, maharage na mboga kila siku ni sehemu ya matibabu hata ukiwa huna hamu.

Umeme ukikatika, sindano iliyo kwenye friji inaharibika?

Ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ozempic ikishaanza kutumika huvumilia hadi nyuzi 30 kwa siku 56. Ikiganda, itupe. Iliyosafiri kutoka Dar es Salaam ndani ya begi juani, siwezi kukuhakikishia.

Siku ya kuja kliniki nibebe nini?

Boksi la dawa lenyewe, hata kama limeisha, pamoja na tarehe uliyochoma mara ya mwisho na dozi uliyofikia. Kadi yako ya uzazi wa mpango. Tarehe ya hedhi ya mwisho, au useme tu huikumbuki. Dawa nyingine zote unazomeza, na ile chai pia. Ukiweza usije umekojoa, tupime mimba hapohapo.